Vinasaba vya Mpwa Wangu

4 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na masomo yanakwenda. Huku wote wazima, ila mpwa wako. Siku hizi akitaka kuinuka anajisukuma kwa kushika mapaja. Juzi alianguka darasani, wenzake wakacheka, akacheka nao. Nyumbani ndipo alipolia. Mate yetu, yake na yangu, yamefika? Ulisema profesa wako amekubali myapime. Nashona nguo za watu huku akili iko kwako.

Dada yako

22 Mei

Shikamoo dada,

Shemeji hajambo? Nimechelewa kwa sababu nilirudia kazi nikiomba niwe nimekosea. Hapa kompyuta husoma vinasaba kama herufi, nasi tunatafuta palipoharibika na mwili unakosa nini. Kwake kimekatika kipande cha jeni inayolinda misuli. Hospitali wamepima upya, majibu ni yale yale. Misuli itazidi kulegea, mwisho hata ya moyo. Dawa zilizopo zinachelewesha tu. Ameirithi kwako, dada, na si kosa lako. Wewe unaibeba tu. Lakini kila mtoto wa kiume utakayemzaa, kuupata au kutoupata ni nusu kwa nusu. Nilikuja chuo nikidhani nikiuona ugonjwa ndani ya vinasaba nitauweza. Nimeuona, basi.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

U hali gani? Sikunyamaza kwa hasira. Barua yako ilinikuta na mimba ya miezi minne. Nilitaka kukushtukiza. Daktari anasema ni wa kiume.

Mpwa wako alivunjika mguu. Tangu wamfungue plasta hajasimama tena. Yuko kwenye kiti cha magurudumu, anajiita dereva. Anauliza nani atamfundisha mdogo wake mpira.

Dada yako

12 Septemba

Shikamoo dada,

Akizaliwa, nitumie mate yake. Nitapima mwenyewe.

Mdogo wako

19 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu zako zote zimefika. Nimejifungua salama. Shemeji yako alisema, "Mtumie mjomba wake apime." Nikamuuliza, "Akishapima, atatupa nini?" Akamfunika mtoto vizuri.

Usikasirike, sitatuma. Mtoto ananyonya vizuri. Kila akirusha miguu, mimi na baba yake tunatazamana, halafu kila mmoja anageukia pembeni.

Dada yako