Mto wa Kwenda Machimboni

Jumanne

Eti mabuti yanatosha! Baba Neema anarudi machimboni Runzewe keshokutwa, na shingo bado imekakamaa kwa kulalia mabuti safari iliyopita. Nikimwita anageuka mwili mzima kama trekta.

Asubuhi nilienda dukani kumtafutia mto mwepesi. Wa sponji ungejaza begi lake lote la mgongoni. Wa kupuliza nikaupuliza mpaka nikasikia kizunguzungu, nikaulalia palepale kwenye benchi kuujaribu, ukajamba. Ulijamba kweli! Duka zima likacheka.

Basi nimechambua pamba yetu ya shambani, mbegu moja moja, nikaishonea ndani ya gauni la Neema lisilomtosha tena. Mwepesi, laini, mpaka nikautamani mwenyewe.

Mama mkwe akaubonyeza. "We Mama Neema, ukimlaza vizuri hivi huko, huku atafuata nini?"

Nikacheka, lakini imeniingia. Mara ya mwisho aliaga wiki mbili, akakaa miezi mitatu; na sasa anasema wiki mbili tena.

Jioni Neema akaukojolea. Nilishika sabuni niufue, nikairudisha. Nimeuanika hivyohivyo. Akilaza kichwa amnuse mwanawe, tuone kama atamaliza hata hizo wiki mbili.