Nguzo Zinalia Asubuhi

Jumatatu, 1 Juni

Baridi imeingia bila hodi. Nimetoa sweta ya kijivu aliyoniletea binti yangu mwezi uliopita. Nzuri kweli! Inaukumbatia mgongo kuliko ule mkanda wa hospitali.

Leo nimeanza kibarua ambacho sikukiomba. Binti ni meneja wa duka kubwa la nguo na vyombo, na makao makuu yao yameamua kubadilisha zile nguzo mbili za mlangoni, zinazopiga kelele mtu akitoka na kitu ambacho hakijalipiwa. Akanipigia simu: Baba, wewe umefundisha fizikia mpaka umestaafu, njoo umtazame huyo fundi asinizungushe. Mstaafu akiitwa haulizi mara mbili. Nilifika kabla ya keshia.

Nguzo za zamani ni kama babu mwenye sikio moja. Ukimpitia upande mzuri anasikia, ukipita katikati anaendelea kusinzia. Na duka limepoteza mali nyingi mwaka huu — mashuka, taulo, sweta. Lawama imemwangukia mlinzi wa mlangoni, yule tunayemwita Kanali kwa jinsi anavyosimama wima. Binti amemtoa mlangoni na kumpeleka kuelekeza magari nje. Atakaa huko hadi Ijumaa ya wiki ijayo, bosi wa makao makuu atakapokuja kupokea nguzo mpya na kuamua: Kanali anabaki au anafukuzwa kwa wizi.

Nilimkuta juani. "Shikamoo, Mwalimu." Marahaba. "Umeona? Nimepandishwa cheo. Waziri wa magari." Tukacheka. Kisha akarudi kwenye magari yake.

Jumanne, 2 Juni

Fundi ni mama mmoja mrefu. Wenzake wanamwita Antena, naye anaitika. Kazi yake safi, anatoboa sakafu kama daktari wa meno. Hanizungushi hata kidogo. Mimi ndiye ninayemzungusha kwa maswali.

Keshia aliuliza lebo inaliaje bila betri. Ah! Swali zuri. Nilimweleza: ndani ya lebo kuna waya mwembamba uliojikunja kama konokono. Nguzo inatuma mawimbi ya redio, waya unaitika, kama mtoto anayesikia jina lake likisomwa darasani. Mteja akilipa, keshia anaipitisha bidhaa juu ya ile sahani nyeusi ya kaunta. Sahani inauunguza waya. Lebo imekufa, na maiti haitiki. Kwa hiyo lebo inayoitika mlangoni haijapita kaunta. Basi.

"Mwalimu, na mtihani ni lini?" akauliza. Wateja wakacheka. Nilifurahi siku nzima.

Jumatano, 3 Juni

Nguzo zimewashwa. Hazina adabu!

Nimeingia asubuhi — zikalia. Nikatoka kuziangalia kwa nje — zikalia. Nikarudi — zikalia. Mimi, ambaye hata pipi sikununua! Mlinzi mpya akaanza kunisogelea, Antena akamkemea: we, unataka kumpapasa mzee? Huyo ni baba wa meneja. Mzee, pita tu, mashine inakosea.

Antena ana kipimio cha mkononi, mfano wa rungu dogo, kinacholia kikisogezwa karibu na lebo iliyo hai. Alipima zulia, vining'inizo vya nguo, kapu la ofa, mifuko ya wafanyakazi wote. Mimi akaniruka kwa heshima. Hakupata kitu. Ilipofika adhuhuri nguzo zikatulia zenyewe. Jioni nilipokuwa naondoka, zikaanza tena.

Nimerudi nyumbani siwezi kukaa. Nakaa, nasimama. Mke wangu kaniambia nina siafu kwenye suruali.

Ijumaa, 5 Juni

Tumeondoa shaka moja baada ya nyingine. Taa za mirija tumezizima: bado. Mlango wa chuma tumeukunja mpaka juu: bado. Vitoroli tumevisogeza hadi ukutani: bado. Zinalia asubuhi, zinatulia mchana, zinalia jioni.

Nadhani nimepata. Ni baridi! Asubuhi chuma kinasinyaa, umbali baina ya nguzo unabadilika kiasi kidogo sana, na mawimbi yanapishana. Jua likipanda kila kitu kinarudi mahali pake. Hata mimi mwenyewe nikisikia joto naivua sweta na kuitundika ofisini kwa binti, sembuse chuma! Nilimchorea Antena mchoro nyuma ya boksi.

Akautazama sana. "Mzee, hii ni fizikia au ushairi?"

Binti hakutaka mchoro. Anazunguka dukani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kasema, Baba, mwambie azipunguze makali, ziwe za kawaida tu. Nikamweleza kwamba kipimo kikipunguzwa makali kinageuka pambo. Akasema, basi ziwe pambo! Halafu akacheka, akaniomba radhi. Anaonekana hajalala.

Jumamosi, 6 Juni

Nimekunywa chai na Kanali ukutani, nyuma ya magari. Nilimuuliza moja kwa moja. Kasema mlango wake haukuvuja. Kasema si kila kitu hutoka dukani kwa miguu, vingine hupanda gari, na yeye waziri wa magari ameanza kuona mengi. Gari gani? Akamwaga masalia ya chai. "Mwalimu, wewe ni mzazi wangu. Usinitie mdomoni maneno ya kunitoa meno."

Watoto wake wawili wako sekondari. Akifukuzwa kwa wizi, nani atampa mlango mwingine alinde?

Jumapili, 7 Juni

Binti amekuja na wajukuu. Kamletea mama yake shuka la kitandani, la maua, zito. Bila mfuko wa duka, kama kawaida yake, hulitoa tu kwenye buti la gari na kusema "Mama, usinikatalie." Mama hakatai. Sote tulikula tukashiba. Mjukuu mdogo amenimwagia uji kifuani! Mke wangu ameiloweka sweta.

Jumatatu, 8 Juni

Asubuhi ya baridi kuliko zote. Pumzi inaonekana. Nilivaa koti langu la zamani la kufundishia, lenye chaki mifukoni mpaka leo, nikaenda mbio kuona nadharia yangu ikitamba.

Nikapita. Kimya.

Nikatoka, nikaingia. Kimya. Antena akapiga makofi: zimetuzoea, mzee! Sasa tumuite bosi hata leo!

Nikaenda kuketi kwenye kile kiti cha wateja wanaojaribu viatu. Miaka yote nimewaambia wanafunzi: jaribio likikupa jibu tofauti, usilaumu chombo, jiulize kwanza ni kitu gani kimebadilika. Baridi ilikuwa ileile. Nguzo zilezile. Mlango uleule.

Nilijibu swali. Nikasimama. Nikaketi tena.

Keshia aliuliza kama naumwa. Nilimwambia viatu vinabana. Nilikuwa nimevaa vyangu.

Jumanne, 9 Juni

Nimemwomba Antena aniazime kile kipimio. Nilisema nataka kuwaonyesha wajukuu. Alinipa kwa mikono miwili.

Baada ya chakula cha mchana nikaenda uani. Sweta iko kwenye kamba. Nikakisogeza — kikalia. Nikapapasa pindo la ubavuni: nyuma ya kile kitambaa kidogo chenye maelekezo ya kufulia kuna kitu kigumu, bapa, kama kucha. Nimeivaa muda wote huu. Nimepita nayo mlangoni nikiwafundisha watu.

Nikaingia ndani. Shuka la maua — kikalia. Mashuka ya mwaka jana kabatini, kikalia. Taulo. Pazia la sebuleni. Blanketi la mjukuu.

Mke wangu alikuwa ananifuata mlango hadi mlango. Mwanzoni anacheka. "Baba watoto, sasa unapima mizimu?" Kikalia kwenye taulo la mikono analotumia kila siku. Akaacha kucheka. Akauliza kinalia nini.

Mimi, nisiyeweza kumpita mtu bila kumweleza kitu! Nikasema: betri.

Hakuamini. Ameyatoa mashuka yote kabatini, ameyakunja upya, ameyarudisha. Kisha ameyatoa tena.

Jumatano, 10 Juni

Labda sahani ya kaunta ni mbovu. Hili nililiwaza usiku kucha, likanipa usingizi mdogo alfajiri. Sahani ikichoka, lebo inapita hai hata kama mtu kalipa. Inawezekana kabisa! Vitabu vinasema hivyo.

Nimefika wa kwanza, nikiwa na koti. Nikapitisha lebo moja baada ya nyingine juu ya sahani ya kwanza, nikizipima kwa kipimio, mpaka keshia akaniuliza kama nimeajiriwa. Zote zimekufa. Sahani ya pili, hivyohivyo. Sahani ya tatu. Sijawahi kuomba chombo kiwe kibovu kama leo.

Nikamuuliza keshia, kama mzaha tu, wafanyakazi wakitaka shuka wanafanyaje. Anasema wanapanga foleni kama wengine, wanalipa kama wengine. Na meneja je? Akaangalia kucha zake. Kasema bosi huyo hajawahi kumwona kwenye kaunta yake, labda hununua kwa zamu ya mwenzake.

Mwenzake kasema labda kwa zamu ya huyu.

Ufunguo wa mlango wa stoo, ule wa nyuma ambako magari huegeshwa, uko kwenye mkufu wa binti. Niliuona Jumapili mjukuu akiuchezea.

Alhamisi, 11 Juni

Nimekwenda ofisini kwake. Nilijiandalia maneno njia nzima, kama somo: utangulizi, hoja, hitimisho. Yeye akanitangulia.

"Baba, kesho usije. Baridi hii itakuumiza."

"Nina sweta."

Akaipanga ile mashine ya kubania karatasi iwe sambamba na ukingo wa meza. Tangu mtoto ndivyo alivyo, akibanwa anapanga vitu.

Kasema ile sweta ilikuwa na kasoro ya mshono. Zenye kasoro hutupwa tu, Baba.

Nikasema nimeutazama mshono. Ni mzima.

"Na mashuka ya mama?"

Sikuwa nimetaja mashuka. Tulisikia wote wawili kwamba sikuwa nimetaja.

Akaanza kulia bila sauti, akifuta kwa kiganja. Kasema, pensheni yako ilipokwama nani alisimama? Mama alipolazwa, nani? Mlikuwa mnalalia matambara na mimi ni meneja wa duka la mashuka! Kasema alianza na moja. Kasema Kanali atapata kazi nyingine, walinzi hawakosi malango.

"Kwa jina la mwizi?"

"Mimi je, Baba? Mimi nitaitwa nani?"

 Nilimwambia tu kwamba hadi kesho mchana bado ana nafasi ya kusema kwa mdomo wake mwenyewe, na lisemwalo na mwenyewe lina unafuu. Alinikunjia kola ya koti, akanisindikiza hadi mlangoni. Tukapita pamoja katikati ya nguzo. Kimya. Zinafanya kazi vizuri sana.

Nyumbani, mke wangu tayari anajua. Hakuhitaji kipimio. Kasema: ukimwanika mwanao, wewe utajifunika nini? Baadaye, akiosha vyombo, bila kugeuka: na mke wa Kanali, yeye atajifunika nini? Kisha kanikaripia kwa sababu ya sufuria iliyoungua, na wala sikuiunguza mimi.

Ijumaa, 12 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi, ng'ambo ya barabara, duka liko mbele yangu. Daftari liko gotini, mwandiko umekuwa wa kuku.

Gari la makao makuu limefika. Bosi ni mama mnene mwenye miwani, anatembea taratibu, anagusa kila kitu. Antena anamwonyesha nguzo. Amepitisha shati lenye lebo — nimesikia mlio hadi huku. Amepitisha lililolipiwa — kimya. Bosi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Antena anatafutatafuta kwa macho, bila shaka ananitafuta mimi nieleze.

Kanali kasimama kando ya mlango. Kavaa sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Kofia kaishika mkononi. Hajaitwa bado.

Binti hajasema. Ningejua. Angekuwa amekaa, lakini yupo wima, anapanga vining'inizo vilivyokwisha kupangwa.

Jua limepanda. Kwa desturi yangu, saa kama hizi huwa nimeshavua sweta. Nimeivaa. Mke wangu ndiye aliyeitoa kwenye kamba asubuhi, akaiweka juu ya kitanda karibu na koti, akatoka chumbani. Hakuniambia nivae ipi.

Nimejiambia mara ngapi kwamba naweza kurudi nyumbani tu. Mzee kashikwa na mgongo. Nani angehoji? Nguzo zimepokelewa, kazi yangu imekwisha.

Bosi sasa anamwita Kanali kwa kidole. Hapana — bado. Anauliza kitu kwanza. Antena ananionyesha huku, ameniona! Anapunga mkono: njoo, Mwalimu, njoo! Bosi naye anageuka. Kanali kaona, kaushika mlango upesi, kama alivyokuwa akinifanyia siku zote. Anacheka, maskini. "Karibu, Mwalimu! Pita!"

Binti yuko nyuma ya kioo. Ananitazama. Si usoni. Anaitazama sweta.

Ameinua mkono. Sijui ananizuia au ananiita. Nafunga kalamu, navuka barabara kuelekea nguzo.