Mchecheto Niliopewa

Dar es Salaam

Mdogo wangu mpendwa Subilaga,

Ugonile. Naomba barua hii ikukute mzima, goti lako limepata nafuu, na upepo wa huko kwetu Masoko haujaangusha migomba. Uniwie radhi kwa ukimya wangu. Mwili wangu hauna neno, ila nimepewa ugonjwa nisiokuwa nao.

Tangu mke wangu Tusekile alipolala katika Bwana, nakaa kwa mwanangu Ambakisye, ghorofa ya nne. Nyumba ni nzuri, lakini sebule ni moja na ujia ni mwembamba. Mkewe, Rehema, ni binti mwema wa Tanga. Akiingia sebuleni, nainuka. Akielekea jikoni, narudi chumbani. Tukikutana ujiani, naugeukia ukuta. Wewe hutashangaa: tulilelewa kwamba mkwe na baba mkwe hawatazamani. Najua misheni walitufundisha kuwa si lazima. Nafsi yangu ilibatizwa. Miguu, naona, bado.

Siku moja nikamsikia akimwambia mumewe, "Baba ana mchecheto. Hatulii mahali. Mpeleke hospitali."

Neno hilo sikulijua. Nikadhani ni maradhi, na nilipofikishwa hospitali nikamweleza muuguzi kwa adabu, "Ninasumbuliwa na mchecheto." Alicheka hadi akashika meza.

"Babu! Mchecheto ni roho kuwa juu juu, mtu hakai akatulia. Anao bwana harusi, anao anayesubiri matokeo ya mtihani. Haya, wewe unaoa lini?"

Hata hivyo nikapewa vidonge vya kunituliza. Navyo vinanilaza mchana kutwa, na mlango wa nje sasa unafungwa kwa ufunguo, nisije nikapotea mjini.

Kumweleza Rehema mwenyewe siwezi, maana kumweleza ni kumkabili. Ambakisye nikimgusia anacheka: "Mambo ya kizamani hayo, baba." Basi nakusihi, wewe uliye shangazi, umpigie Rehema simu. Mwambie simkimbii kwa chuki. Ndiyo heshima niliyofundishwa. Kisha umwombe mwanangu anirudishe Masoko, kwenye nyumba yenye mlango wa mbele na wa nyuma.

Nisalimie shemeji, mzee wetu wa kanisa, na yule jirani mwema anayepalilia kaburi la Tusekile.

Samahani, nakatisha. Ufunguo unazunguka mlangoni, nami nimeketi sebuleni.

Namalizia chumbani. Rehema amegonga mlango: "Baba, mchecheto umepungua?"

Nimejibu, "Umepungua, mama, ahsante," huku nikiutazama ukuta.

Ndimi kaka yako,
Anyosisye