Hukumu Imesomwa, Kaka Hamisi

Kaka Hamisi,

Jana walikuita mahakamani. Karani alitamka jina lako mara mbili, akaangaza macho kwenye mabenchi, na mi nikageuka pia, kama mjinga, kuangalia kama unaingia. Mke wako Zaituni ndiye aliyesimama. Alisema, "Amekufa." Jaji akainamisha kichwa, kisha akasoma hivyo hivyo: huna kosa.

Uliingoja hukumu hiyo tangu lori la kiwanda liliposhambuliwa barabarani. Mi sikuwemo siku ile; wenzako wawili walikufa, wewe ukarudi hai, na hilo ndilo likawa kosa lako. Polisi wakakukamata, wakasema uliwauza kwa waliowaua. Walipokuachia, permi yako ya kuendesha ilibaki kwao mpaka hukumu itoke. Haikutoka. Mara jaji kahamishwa, mara risasi zimelia na mahakama haikufunguliwa. Kila ulipotoka kule ulipita kiwandani, ukalizunguka lori, ukigusa matairi. Mi utingo wako nilikuwa nimepewa usukani wako. Nilipotaka kuukataa ulisema, "Apana, mudogo wangu. We shika, usimuachie mutu mwingine. Mi nitarudi."

Ukaenda Kajaga kupakia mchanga kwa koleo. Dereva mzima, unapakia malori ya wenzako. Ukuta wa mchanga ulipokuporomokea, mi ndiye niliyekuja kukuchukua, na lori lile lile. Nilikulaza nyuma na... siwezi kuandika hilo.

Tangu siku ile siko peke yangu mle ndani. Nikichelewa kubadilisha gia nasikia ulimi wako ukigonga kaakaa, kama zamani ukinikosoa. Kiti cha pembeni kinalia na hakuna mtu. Utingo mpya hataki kukikalia. Anapanda juu ya mizigo hata mvua ikinyesha, na mi simlazimishi.

Zaituni amerudishiwa permi. Njia nzima alikuwa nayo mapajani, akifuta picha yako kwa kidole gumba. Hakulalamika. Lakini hapa Buyenzi bado wapo wanaovuka barabara kumkwepa wakimwona.

Basi pumzika, kaka. Mungu akufanyie nafasi huko. Ijumaa, sala ikiisha, nitamwomba imamu aniache nisimame. Mi siyo msemaji, unanijua. Nitataja jina lako na la baba yako, niseme mahakama imekuona huna kosa. Na wale ambao hawakuja kukuzika nitawangoja mlangoni, niwaambie mmoja mmoja.

Mudogo wako,
Yusufu