Wanafunzi Wangu wa Kubuni Wamekataa Kukua

Mwende, nimetoka kikaoni sasa hivi. Niko ufukweni Mama Ngina, mihogo imepoa mkononi na sijala hata kipande.

Unawakumbuka wale wanafunzi niliowabuni kwenye kompyuta, wa kujaribia hesabu zangu kabla ofisi haijanipa alama za watoto wa kweli? Mimi mwenyewe niliiamuru programu iwapandishie alama kila mwaka. Leo mchoro umetokea ukutani, mstari umelala kama mkeka. Wastani mia tano, mia tano, mia tano.

Na sikushtuka. Nikaanza kueleza sababu. Nilitaja joto, Mwende. Nikataja uhaba wa walimu.

Mkuu wetu, Dkt. Tsofa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita kwa jina. "Mapenzi, hawa watoto wanasoma wapi?"

"Hawapo, Daktari. Niliwabuni."

"Na hilo joto lao?"

Joto lao. Mwende, joto lao.

Kosa nikaliona palepale. Alama nilizibadilisha ziwe za wastani wa mia tano, kila mwaka kivyake, kwa hiyo kila mwaka ukarudishwa kwenye wastani uleule, na ukuaji wote ukafutika. Ilitakiwa miaka yote ipimwe kwa kipimo kimoja. Na ni mimi niliyemsahihisha mwenzangu Arnold kwa jambo hilohilo, mbele ya ofisi nzima.

Nikauliza kama alama za kweli bado nitapewa.

"Utapewa, mwanangu. Lakini kwanza hawa wako wakue."

Nimefungua kompyuta hapahapa kwenye benchi, nikarekebisha. Wamekua wote.

Arnold asijue.