Mama Mkwe Kwenye Uwanja wa Shabaha

Hopkins, Minnesota
Septemba 2018

Kwako Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa na chai iko karibu. Je, mguu umeacha kuuma? Na Baba, kifua kimetulia, au bado anakataa sweta mpaka baridi imshike ndipo alaumu watu wote wa nyumba? Mimi huku ni mzima. Kazi pale Eden Prairie inaendelea, na wazee ninaowauguza wananitania kwamba nimenenepa kuliko wao.

Anayekuletea barua hii ni dada wa kanisani kwetu anayekuja Kitale likizo. Ningepiga simu, lakini simu wewe unaiweka spika na jikoni kwako hakukosi majirani. Haya ni mambo ya kusoma polepole.

Najua Baba Mdogo Simiyu alikupigia. Najua pia alivyokueleza, maana mdomo wa shemeji yako tunaufahamu wote: posa imekataliwa, Wakongo wametufukuza, na mwanao anabeba bunduki Amerika. Dada Nekesa ameniandikia kwenye WhatsApp kwamba ulilia, na kwamba Baba aliacha ugali katikati, jambo ambalo hajawahi kufanya hata siku ya msiba. Mama, futa machozi. Ndoa ipo. Bunduki pia ipo, hilo sikatai. Ngoja nikueleze jinsi vitu hivyo viwili vilivyogombana, na jinsi vilivyopatana.

Nianze na bunduki. Kazini kwetu kuna mpishi, mama wa makamo anayeitwa Linda, mwenye miwani ya kamba na sauti ya mwalimu wa zamu. Mwaka niliofika, baridi ilinikalia vibaya. Nilikuwa natoka kazini naingia nyumbani, natoka nyumbani naingia kazini, sina neno na mtu. Linda akaniona, akasema kijana huyu ataoza, akanichukua Jumamosi moja hadi shamba lililo nje ya Lakeville ambako yeye na wenzake hulenga shabaha. Mama, huko hakuna anayewinda wala anayegombana na mtu. Wanalala kifudifudi kwenye mikeka, na bunduki nyembamba zenye risasi ndogo kama punje ya mtama iliyonona, wanapiga vibao vya chuma vilivyotundikwa mbali. Kibao kingine ni kidogo kama kifuniko cha sufuria yako ya maziwa, na kiko mbali kama kutoka langoni kwetu hadi kwenye josho.

Risasi hiyo ni nyepesi mno, hata upepo wa kawaida unaisukuma pembeni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchezo ni kukaa kimya ukitazama nyasi. Pembeni mwa uwanja kuna mahindi, nami hutazama yanavyoinamisha vichwa kabla sijafyatua. Ukishapiga, unapumua kwanza, halafu ndipo sauti inakurudia kutoka kule: ti! Mama, siku ya kwanza niliposikia hiyo ti nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Tangu siku hiyo majira ya baridi hayajanishinda tena, kwa sababu najua yatakwisha nirudi shambani.

Sasa nije kwa Neema. Picha yake unayo, nami najua umeionyesha soko zima. Yeye anajua habari za bunduki tangu mwanzo, hata amekuja kunitazama mara kadhaa. Tatizo lilikuwa mama yake. Mama Neema alitoka Kivu na watoto wawili mkononi. Baba yao hakutoka. Mpaka leo, wakati Wamarekani wanaporusha fataki zao za Julai, yeye huingia bafuni na kufunga mlango, na Neema hukaa nje ya mlango huo akimwimbia nyimbo za kanisani mpaka fataki ziishe. Tuliona si vizuri habari hiyo aipate kwa ghafla. Tulipanga Neema amwambie pole pole, siku ikipatikana. Kwa hiyo siku ya posa, ndani ya gari, nilimwambia Baba Mdogo maneno haya: sema kila kitu unachotaka kunihusu, ila bunduki usiitaje.

Akaniambia, "Wewe relax. Mimi nimepeleka posa za watu kabla hujazaliwa."

Tulipokewa vizuri. Mchungaji wao alikaa kwenye kiti cha baba, na wamama wa kanisa walikuwa wamevaa vitenge vya namna moja. Bugali, yaani ugali wao, na sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, vilikuwa mezani, harufu inatuita. Basi wakaanza kumsifu binti yao, kama ilivyo desturi: anapika, anasoma unesi, anaimba, anaendesha gari kwenye theluji bila kupiga kelele. Halafu Mama Neema akamgeukia Baba Mdogo, akamuuliza kwa adabu, "Na huyu kijana wenu, mukono yake inaweza nini?"

Mama, wewe unajua Baba Mdogo akiona upande wa pili umemzidi kwa sifa anavyokuwa. Niliona kifua kikipanda. Nikamkanyaga mguu, lakini alikuwa amevaa vile viatu vyake vya harusi, hakusikia kitu.

"Mkono?" akasema. "Mama, huyu kijana ana mkono hautetemeki! Hii Minnesota yote watu wanamjua. Ana-shoot kitu kadogo kama hiki kisahani, two hundred yards, na bunduki yake mwenyewe!"

Hata wale wamama wa vitenge waliacha kujipepea. Mama Neema hakupaza sauti, na nadhani angepaza ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Iko na bunduki? Mu nyumba kwenye mutoto wangu atalala?" Kisha akainuka, akachukua vifuniko, akafunika sombe, akafunika bugali, akaingia chumbani. Mchungaji akatuombea safari njema. Tulirudi Hopkins na njaa, na Baba Mdogo njiani ananiuliza, "Kwani nilisema nini?"

Nililia, Mama, siwezi kukuficha. Nilimwambia Neema nitaiuza ile bunduki kesho yake. Neema akakataa. Akasema mama yake hajawahi kumkataza mtu jambo kwa woga na kisha akafurahi, na kama nitaiuza, yule mama atanikumbuka kila siku kama mtu aliyeficha kitu, hata kama hakiko tena. Akaenda kuzungumza naye. Sijui walizungumza nini, lakini baada ya wiki kadhaa za kunyimwa usingizi, simu yangu ililia. Alikuwa Mama Neema mwenyewe.

"Wafula," akasema, "ule mahali munapigaka, wageni banaingia?"

Nikamwambia wanaingia.

"Donc, minakuja. Minataka kuona na macho yangu. Nikiona vibaya, ni mwisho, usinipigie tena."

Ikaangukia siku ya mashindano. Alikuja na kitenge chake kizuri na koti la Neema juu yake, mkoba kaukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Nilipomwamkia, aliitikia akitazama miguu yangu. Baba Mdogo naye alikuja, ingawa hakuna aliyemwalika, akakaa kwenye kiti cha kukunja akiwa amefunga mdomo kama mtoto aliyechapwa.

Linda ndiye msimamizi wa uwanja, na kabla ya risasi ya kwanza huwakusanya watu wote, hata wageni, awape masharti. Kila bunduki isiyotumika ibaki wazi, na kibendera cha njano kiwe ndani yake ili kila jicho lione haina kitu. Hakuna wa kugusa bunduki mwenzake akiwa mbele ya mstari. Halafu akasema lile ambalo mimi nimelizoea mpaka silisikii tena: mtu yeyote, awe mchezaji, awe mgeni, awe mtoto, akiona jambo limemtia wasiwasi, apaze sauti aseme "cease fire", na bunduki zote zitanyamaza papo hapo. Hatuulizi kwanza. Tunasimama, halafu ndipo tunauliza.

Neema alikuwa anamtafsiria mama yake sikioni. Niliona Mama Neema akimshika binti yake mkono. "Arudilie ile ya mwisho," akasema. Linda akarudia. Mama Neema akauliza, "Ata miye?" Neema akatafsiri, na Linda akamtazama juu ya miwani yake. "Hasa wewe," akamjibu. Nikaona midomo ya yule mama ikisema neno hilo bila sauti, mara mbili tatu, kama mtu anayejifunza ubeti wa kukariri kanisani.

Mashindano yakaanza. Mama Neema alikaa nyuma na vizuia sauti masikioni, na kila risasi ilipolia mabega yake yaliruka. Mimi roho iliniuma, nikataka kuacha, lakini Neema akanipungia mkono niendelee. Na Mama, sijui niseme Mungu alitaka kunicheka, siku hiyo nilikuwa napiga kuliko maisha yangu yote. Ti, ti, ti. Kila kibao kiliitika. Kikabaki kimoja, kile cha mbali zaidi. Mahindi yametulia, kidole kiko tayari, saa ya Linda inakimbia, na ningekipiga hicho ningemaliza mbele ya watu ambao wamenifunza mimi.

Ndipo nyuma yangu ikapasuka sauti.

"SISI FAYA!"

Mama, ungekuwepo. Mstari mzima ulisimama. Nilifungua bunduki yangu, nikaweka kibendera, nikarudi nyuma hatua kadhaa, mikono ikionekana. Kila mtu alifanya vivyo hivyo. Kule mwisho kuna jamaa mmoja mkubwa kama mlango wa ghala, amechorwa michoro mpaka shingoni, ndevu kama za nabii. Naye aliinuka taratibu kutoka kwenye mkeka wake, akaweka bunduki yake chini, akarudi nyuma, akasimama ameshika kofia. Hakukuwa na sauti yoyote shambani isipokuwa mahindi.

Mama Neema alikuwa amesimama. Alitazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, mtu kwa mtu, bunduki kwa bunduki.

Linda akaja mbio, akauliza kuna nini, nani ameumia. Neema alitaka ardhi immeze. "Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema Mama Neema. "Nilitaka kuona kama ni kweli."

Mimi nilidhani tutafukuzwa wote. Linda alisikiliza tafsiri, kisha akawageukia watu akatangaza kwa ile sauti yake kwamba sheria ni sheria, mgeni ameitumia, na uwanja umefaulu. Yule jamaa wa ndevu ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mama Neema hakujali makofi. Alikuwa ananitazama mimi, machozi yanamtoka na hayapanguzi. "Kule kwetu tulilia muache, muache, mpaka sauti ikatuisha," akasema. "Ata mumoja hakusimama. Hapa nimesema mara moya. Ata ule mukubwa amesimama." Nilimwendea, Mama. Sikujua kama ni adabu, lakini nilimkumbatia, naye akaniacha nimkumbatie, mkoba wake ukiwa katikati yetu.

Linda akaniruhusu nirudie kile kibao, kwa kuwa nilikatizwa. Nikalala, nikalenga, nikapiga. Nikapumua. Nikasubiri ile ti. Haikuja. Upepo ulikuwa umeamka na mimi macho yamejaa maji, sikuuona.

"Umekosa!" Mama Neema akapiga kelele kwa furaha, akamgeukia Baba Mdogo. "Njo huyu wa mukono haitetemeke?" Hapo watu walicheka mpaka Linda akaomba kutafsiriwa, na Baba Mdogo akacheka kuliko wote, maana ndiyo mara ya kwanza mtu kumsemesha tangu siku ya sombe.

Basi Jumapili iliyopita tuliitwa tena. Mchungaji yuleyule, vitenge vilevile, sufuria zimefunikwa mezani. Mama Neema akasema kabla ya lolote ana sharti moja. Bunduki itakaa kwenye kabati la chuma la Linda kulekule shambani, isilale kwetu hata usiku mmoja. Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Akasema, "Bunduki itabaki kule. Lakini ile neno muilete ku nyumba. Siku munagombana, mumoja akisema, mwingine asimame. Na batoto bakizaliwa, nabo bapewe. Mutoto akisema, baba asimame." Nikasema nitasimama. Neema naye akasema atasimama. Mchungaji akasema amina kabla ya maombi.

Baba Mdogo akaona nafasi. Akajikohoza, akaanza: "Kwa kweli huyu kijana wetu, hata hiyo siku, ni upepo tu, lakini otherwise..." Mama Neema akainua kiganja.

"Sisi faya."

Akanyamaza pale pale, mikono juu. Naye Mama Neema akafunua sombe.

Kwa hiyo mwambie Baba amalize ugali wake. Tunaomba baraka zenu nyote wawili, na tunataka harusi kabla ya theluji. Nisalimie Nekesa na umwambie picha zitakuja kwa simu. Msalimie Bibi mzaa Baba, umwambie mke mtarajiwa wa mjukuu wake anajua kusuka vikapu. Salamu kwa Mjomba mwenye duka la dawa, na kwa mke wake aliyenifunza kusoma Kiswahili. Mwalimu wangu wa kwaya usimsahau.

Nawe Mama, siku Baba akianza tena ile hadithi ya fahali aliyeuzwa, hadithi ambayo wageni wote wameisikia na hakuna aliyethubutu kumkatiza, sasa neno unalo. Liseme kwa sauti, mara moja tu, halafu utazame kama atasimama. Kisha uniandikie.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Wafula