Rivolva au Ile Ndogo?

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu, na baada ya salamu naomba unisaidie kuchagua, maana hapa hakuna wa kumuuliza. Mimi ni karani wa shamba la kahawa upande wa Ruiru, kwetu ni Nyanza, nina mke anaitwa Aketch na watoto wawili, na tangu Hali ya Hatari ianze Bwana Meneja amekuwa akiniogopea kwa sababu mimi ndiye ninayeshika funguo za stoo, basi mwezi uliopita akaniita ofisini, akaweka bastola mbili mezani, akasema, "Dalmas, mimi nauliza polisi, wewe napata ruhusa. Kaa na hii kwanza, halafu hii ingine. Halafu sema nataka gani."

Mimi sijapata kushika silaha maishani. Moja ni rivolva, kubwa na nzito, risasi sita zinakaa kwenye gurudumu lake, na ya pili ni ndogo na bapa, inaingia mfukoni mwa koti bila mtu kujua, risasi zake zinakaa katika magazini ndani ya mpini. Nilianza na ndogo kwa sababu inapendeza. Bwana alinifundisha dakika kumi hivi nyuma ya kinu cha kahawa, nikalilenga debe mara nne nikakosa mara nne kwa maana kila nikivuta nafumba macho, akacheka, akaenda zake.

Jumamosi mchana nilikuwa nyumbani naisafisha, nikatoa magazini nikaiweka kitandani, nikajua sasa haina kitu, nikaielekeza dirishani na kuvuta nione kama bado nafumba macho, ikalia. Risasi ilivuka uwanja, ikatoboa ukuta wa udongo wa nyumba ya Ndila, mke wa dereva wa trekta, ikaingia katika godoro lake, na yeye alikuwa ametoka kuteka maji. Aketch akaniuliza, "Angekuwa amelala?" Watu walitoka mbio, na mimi nikatoka pamoja nao nikiuliza kama wao, "Nini hiyo? Nini hiyo?"

Jioni askari walikuja wakaona tundu, wakapekua laini yote ya nyumba za wafanyakazi, wakamchukua Mburu, mkamua ng'ombe, kwa kuwa ni Mkikuyu na alionekana akipita hapo. Leo ni siku ya tisa yuko ndani.

Ile ndogo nimeirudisha, Bwana hakuuliza habari ya risasi iliyopungua, sasa ninayo rivolva na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa mtu anayeanza, ipi ni bora?

Karani, Ruiru

*

Karani,

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani kuna karatasi imepotea. Bastola umeziandikia ukurasa mzima. Mburu umempa mistari mitatu, tena hukuniuliza lolote juu yake.

Ndiyo sababu sikungoja siku ya gazeti. Nilikuandikia saa ile ile: nenda kwa Bwana leo, useme ni wewe, na uanze na jina la Mburu, si na bastola. Akikwambia unyamaze, nenda kituoni peke yako. Najua ni rahisi kuandika hivyo mtu akiwa Nairobi na chai yake mezani. Siku hizi mwenye akili anaogopa, na wewe uliogopa. Lakini siku tisa ni nyingi mno.

Jibu lako limenifika, na umeniruhusu kulichapa baada ya kubadilisha majina. Unasema Bwana alikasirika. "Yeye Kikuyu. Wacha yeye kaa huko." Ukamwambia, "Bwana, risasi ni yangu." Ukaenda kituoni kwa miguu, na ulipogeuka nyuma ukamwona Aketch anakufuata na mtoto mgongoni. Ukalala ndani siku mbili. Mburu akaachiliwa siku ya tatu, amekonda, na vidole vya mkono wa kulia havikunji vizuri, kwa hiyo hakamui tena. Wewe umenyang'anywa ukarani, sasa unachambua buni pamoja na akina mama.

Na bado, chini kabisa ya barua, umeniuliza: ipi?

Haya. Kwa anayeanza, rivolva. Unalifungua gurudumu, unaona matundu sita kwa macho yako, unajua kuna nini na hakuna nini. Ile ndogo ukiitoa magazini inaweza kubaki na risasi moja ndani, tayari, na hilo hukufundishwa. Nimebeba silaha miaka minne vitani Burma, na tulifunzwa wiki nyingi kabla ya kupewa risasi hata moja: kila silaha ina risasi mpaka uifungue, kidole hakigusi kifyatulio, mdomo wake hauelekei penye nyumba ya mtu. Dakika kumi nyuma ya kinu si mafunzo. Kwa hiyo wewe, Karani, usichukue yoyote. Bwana akija kukupa tena akisema yamekwisha, mshukuru na ukatae. Na usidhani ingekulinda. Mtu anayetafuta silaha angekuja kwako kwanza.

Ndila mnunulie godoro jingine, umwambie kwa nini.

Unasema Mburu anapita mbele yako bila kukutazama. Usimtume mzee, usimpelekee kuku. Nenda mwenyewe nyumbani kwake, mke wake akiwepo, umwambie maneno yale yale uliyomwambia Bwana, bila kueleza jinsi ulivyoogopa. Akikufungia mlango, rudi kwenye buni zako. Asubuhi mkikutana, msalimie. Yeye halazimiki kuitikia.

Mshauri